Mzee yumo, mzee hayumo

Kila nikipanda matatu, konda akishaanza kugawa chenji, lazima atokee mzee mmoja wa kulalamika: "Hizi pesa hazina heshima, wamemtoa Mzee Kenyatta!" Jamani, noti hizi zilitoka Juni 2019. Na amri ilitoka kwetu wenyewe: katiba tuliyoipigia kura Agosti 2010, ibara ya 231, inasema noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu yeyote. Tulichoka. Moi alipoingia tukabadilishiwa sura, Kibaki naye akapata sarafu yake ya shilingi 40, kila mkubwa na mfuko wetu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hata huyo mzee anayeliliwa hajaenda mbali. Geuza noti, tazama KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi: si sanamu yake ile pale mbele, ameketi kwenye kiti chake? Watu walikwenda hadi mahakamani kuipinga sanamu hiyo, wakashindwa. Kwa hiyo anayemtaka amtafute, asiyemtaka afumbe jicho.

Mimi naomba tu hiyo hamsini yangu. Wakibishana hivi, konda huwa anajifanya amesahau.