Asilimia ya mng'ao: tumepima ini au tumepima mashine?

Ripoti ya MRI (picha za mwili zinazopigwa kwa sumaku na mawimbi ya redio) ikisema ini limeng'aa kwa asilimia 60 baada ya sindano ya dawa ya kung'arisha picha, msomaji huipokea namba hiyo kama anavyopokea kipimo cha sukari kwenye damu. Mimi hapo ndipo ninapositia. Kwenye CT, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, kila doa la picha lina namba ya Hounsfield: maji ni 0, hewa ni -1000, na ayodini, dawa ya kung'arisha picha hizo, ikiongezeka kwenye tishu, namba nayo hupanda kwa uwiano ulionyooka. MRI haina rula ya namna hiyo. Doa lenye 200 kwenye picha moja linaweza kuwa 340 kwenye nyingine bila ini kubadilika hata kidogo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Unachora duara juu ya ini kabla ya dawa yenye gadolini (metali inayong'arisha picha za MRI), ukikwepa mishipa na mirija ya nyongo, unachora jingine mahali palepale baada ya dawa, unatoa, kisha unagawa kwa namba ya mwanzo. Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Koili, yaani antena ya kupokea mawimbi kutoka mwilini, ikiwa karibu na tishu hupokea mawimbi kwa nguvu zaidi kuliko ikiwa mbali, kwa hiyo upande mmoja wa picha hung'aa kuliko mwingine. Ukigawa mahali kwa mahali palepale, upendeleo huo unafutika wenyewe. Mgonjwa ni yuleyule, koili ni ileile, muda uliopita ni dakika 20: kwa nini tusiamini?

Kwa sababu mashine inaweza kubadilisha rula katikati ya kipimo. Baadhi ya mashine hupanga upya nguvu ya kupokea mawimbi kabla ya kila mfululizo wa picha, au hukuza na kupunguza namba zote ili picha ipendeze kwenye kioo. Tuseme mng'ao halisi umetoka 200 kwenda 378, yaani ongezeko la asilimia 89. Picha za pili zikipunguzwa kwa kigezo cha 0.8 tu, 378 inasomeka 302, na ongezeko linakuwa asilimia 51. Daktari anaona ini lililochoka, lisilonyonya dawa vizuri, kumbe kilichopungua ni kigezo.

Hata kigezo kikitulia, bado kuna jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Gadolini yenyewe haionekani kwenye picha. Kinachoonekana ni haidrojeni ya maji iliyo jirani nayo, ambayo, ikishasukumwa na wimbi la redio la mashine, hurudi haraka kwenye utulivu wake. Muda huo wa kurudi huitwa T1. Nimefanya hesabu ya karatasini kwa ini ambalo T1 yake imeshuka kutoka milisekunde 800 hadi 300, kwa picha za kawaida za haraka ambazo wimbi la redio hurudiwa kila milisekunde 4. Pembe ya kuinamisha sumaku ya haidrojeni ikiwa nyuzi 10, ini linang'aa zaidi kwa karibu asilimia 90. Pembe ikiwa nyuzi 30, ongezeko linapita asilimia 150. Ini ni lilelile, dawa ni ileile. Ndiyo maana ripoti yenye "asilimia 63.4" huniudhi kidogo, hasa ile .4.

Suluhisho lililopendwa kwa tatizo la kigezo ni kulifanya wengu kuwa shahidi. Linganisha ini na wengu ndani ya picha moja, na kigezo cha mashine kinajifuta, kwa kuwa kimevigusa vyote viwili sawasawa. Kwa gadoksetati, dawa ya gadolini inayotumika kwa ini, wazo hili linavutia zaidi: karibu nusu ya dawa huingia ndani ya seli za ini na kutolewa kwenye nyongo, na wengu halina seli hizo. Ila ini na wengu havikai mahali pamoja, kwa hiyo tofauti ya koili tuliyoifukuza mlangoni inarudi dirishani. Unaweza kuifukuza tena kwa kugawa uwiano wa baada kwa uwiano wa kabla. Sasa una namba nne, na kila moja ina chenga zake, yaani kuyumba kwa namba kusiko na maana. Isitoshe, shahidi mwenyewe ana mambo yake. Mwenye sirosisi (ini lililojaa makovu) mara nyingi wengu lake limevimba, pengine lina madini ya chuma yanayolitia giza, na wapo waliokwisha kuondolewa wengu. Wengine huhamia kwenye misuli ya mgongo. Kugawa kwa chenga za hewani nje ya mwili ni njia ya kuachwa tu: kwenye upigaji wa haraka wa koili nyingi kwa pamoja, chenga hazilingani kila mahali.

Kambi ya tatu inasema tuache mng'ao, tupime T1 yenyewe kwa milisekunde. Kimsingi wako sahihi, na mimi naegemea kwao, lakini si bure. T1 ya ini ni takriban 600 kwenye sumaku yenye nguvu ya tesla 1.5 na 800 kwenye tesla 3, kwa hiyo mashine mbili bado hazizungumzi lugha moja. Njia ya kukokotoa T1 kutoka picha za pembe mbalimbali hukosea vibaya pembe halisi inapotofautiana na iliyoagizwa: kosa la asilimia 10 kwenye pembe huzaa takriban asilimia 20 kwenye T1, na tesla 3 ndiko makosa hayo yanakozoeleka. Mafuta na chuma ndani ya ini navyo huvuruga jibu.

Halafu mwili nao una la kusema. Bilirubini, rangi ya njano inayosafishwa na ini, ikipanda kwenye damu, hugombania na gadoksetati milango ileile ya kuingilia kwenye seli. Ini linabaki hafifu, na hakuna hesabu itakayokuambia peke yake kama seli ni chache au milango imejaa.

Kwa kutafuta uvimbe, basi, sioni haja ya asilimia yoyote. Jicho lililozoea, pamoja na picha ya baada iliyotolewa ile ya kabla, vinatosha, mradi mgonjwa ameshika pumzi vilevile mara zote mbili. Kupima uwezo wa ini kabla ya kulikata ni kazi nyingine, na huko ningedai T1, au angalau uwiano wa namba nne, pamoja na nguvu ya sumaku, pembe, dakika baada ya sindano, na neno moja kama ukuzaji wa namba ulikuwa umezimwa. Bila hayo, mgonjwa akirudi baada ya miezi 6 na kulazwa kwenye mashine nyingine, 60 ya kwanza na 45 ya pili haziwezi hata kutolewa moja kwa nyingine.