Namba Inayovuka Geti: Hoja ya Lebo za Vifaa Tiba Mtwara na Lindi

Mashine ya kufyonzea majimaji mwilini mwa mgonjwa niliyoonyeshwa mwaka jana katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ya huku kusini ilikuwa na namba tatu. Ya kwanza ilipakwa ubavuni kwa rangi nyeupe na mtu aliyeonekana kuwa na haraka. Ya pili ilikuwa stika ya mradi uliokwisha muda wake, imebanduka nusu. Na ya tatu iliandikwa kwa kalamu ya wino mzito, ikafifia kwa kufutwa na jiki kila asubuhi. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwamo kwenye daftari la stoo. Muuguzi wa zamu alijua kwamba mashine ilihamishwa kutoka wilaya nyingine na kwamba iliwahi kutengenezwa, lakini nani aliitengeneza, lini, na alibadilisha nini, hayo yalibaki kule ilikotoka.

Pendekezo la kubandika vifaa tiba lebo zenye namba za mfumo mmoja, zinazosomwa kwa simu au skana, huchukuliwa na wengi kuwa ni mbinu ya kuzuia wizi au ya kumridhisha mkaguzi wa hesabu. Likitazamwa kwa jicho hilo, ni rahisi kulikataa, na wanaolikataa wana hoja nzito.

Fundi sanifu mmoja wa vifaa tiba aliniambia kwa mkato, "Lebo haitengenezi mashine." Utafiti unambeba. Mwaka 2010, Malkin na Keane walichambua maombi 2,849 ya matengenezo katika hospitali zenye uhaba wa nyenzo, wakaona kwamba asilimia 66 ya vifaa vilivyokwama vingeweza kurudishwa kazini kwa stadi 107 tu za msingi, kama vile kurekebisha waya wa umeme au kuziba bomba linalovuja. Kwa hesabu hiyo, shilingi ya kwanza ingepaswa kwenda kwa fundi na bisibisi zake, si kwa printa ya stika. Wauguzi nao wana hofu yao: kifaa kikishaandikwa kwa jina la wodi, siku kikikosekana atakayeulizwa ni aliyekuwa zamu. Si hofu ya kubezwa, na mfumo wowote utakaoanza kwa kuwatisha utafanya vifaa vifichwe kabatini.

Hata hivyo, kuna takwimu moja ambayo siachi kuirudia. Mwaka 2011, Perry na Malkin walikusanya orodha za vifaa 112,040 kutoka nchi 16, wakakuta asilimia 38.3 havifanyi kazi. Watu huinukuu kama ushahidi wa umaskini wetu, wakaishia hapo. Mimi hunisumbua kwa namna nyingine: hesabu hiyo iliwezekana kwa sababu orodha zilikuwepo. Ile mashine ya wodi ya wazazi isingeingia katika asilimia hiyo, si kwa kuwa nzima wala kwa kuwa mbovu, bali kwa kuwa kwenye karatasi haipo. Halafu, sababu kuu tatu walizozitaja zilikuwa upungufu wa mafunzo, upungufu wa miundombinu, na udhaifu wa usimamizi wa vifaa vyenyewe. Hiyo ya mwisho ndiyo tunayoizungumzia hapa, na haimpingi fundi. Fundi asiyejua kwamba mashine kumi za aina moja zimekufa kwa ugonjwa mmoja katika wilaya tano hawezi kuagiza kipuri mara moja kwa zote. Atahangaika na kila moja kana kwamba ndiyo ya kwanza.

Ndiyo maana neno la maana katika pendekezo hili si "lebo" bali "mfumo mmoja". Lebo tunazo, tena nyingi mno. Tatizo ni kwamba namba ya hospitali hufia getini kifaa kinapohamishwa. Mfumo wa GS1, uleule unaotoa namba za misimbopau ya sabuni dukani (zile zinazoanza na 620 zimetolewa Tanzania), hukipa kila aina ya bidhaa namba ya tarakimu 14, na ikiunganishwa na namba ya mfululizo ya kiwandani, kifaa hubaki na utambulisho huohuo popote kiendapo. Upo pia utambulisho ambao hospitali yenyewe inaweza kukipa kifaa cha zamani kilichokuja bila namba hiyo, kama ilivyo misaada mingi ya mitumba.

Sisi watu wa kusini hatupaswi kuliona hili geni. Tangu msimu wa 2007/2008, stakabadhi ghalani ilipoanza kwenye korosho mkoani Mtwara, mkulima wa Tandahimba akifikisha mzigo chama cha msingi hupimiwa, hupangiwa daraja na kupewa karatasi, na mzigo huhesabika hadi ghala kuu na mnadani. Tumeugombania sana mfumo huo, hasa malipo yanapochelewa, lakini sijamsikia mtu akidai kwamba korosho zisipimwe.

Yapo mambo ya chini kabisa yanayoweza kuliua pendekezo hili kabla halijasimama. Stika ya karatasi haiwezi kustahimili jiki na hewa ya chumvi ya pwani. Kibati cha alumini kilichochongwa kinadumu zaidi, ila kina gharama. Kwa hiyo ningeanza na vifaa vichache vinavyookoa maisha, vile vya wodi ya wazazi na vya oksijeni, na ningemwachia fundi avibandike siku anapovifanyia matengenezo, badala ya kuunda kikosi cha uhakiki kitakachopita mara moja na kutoweka.

Siku ile tuliigeuza ile mashine ya wodi ya wazazi. Nyuma, karibu na waya wa umeme, kulikuwa na kimraba cha vitone vyeusi kisichozidi ukucha, kilichowekwa kiwandani. Tangu Marekani ilipotoa mwaka 2013 kanuni ya kudai alama kama hiyo, watengenezaji wengi huiweka. Simu iliisoma papo hapo: tarakimu 14, tarehe ya kutengenezwa, namba ya mfululizo. Muuguzi akafungua daftari, akaomba nimsomee polepole.