Machingi bendi za vyuo vya Marekani: muziki upo, ila siyo pale kamera inapoangalia

Kila msimu wa futiboli ya Kimarekani ukianza, kuanzia mwisho wa Agosti hivi, zile klipu za machingi bendi za vyuo zinarudi kwenye simu zetu, watu mia mbili na zaidi ndani ya yunifomu wanatembea uwanjani huku wanapiga matarumbeta na wanachora farasi anaekimbia, na ubishi unaofuata ni ule ule. Wengine wanasema hii ni sarakasi na kelele tu, mwanamuziki wa kweli hawezi kukaa akasikiliza. Wengine wanajibu kwamba hakuna muziki mgumu kama huu, anaebeza ajaribu kupuliza tromboni huku anatembea kwa hesabu. Mimi hizi bendi nazipenda sana, nasema mapema ujue nimekaa upande gani, lakini naona wote wanatetea kitu ambacho siyo chenyewe. Kitu kuwa kigumu hakukifanyi kiwe kitamu masikioni, na sarakasi kuwepo haina maana muziki haupo. Mimi nauliza hivi, ukifumba macho kinabaki nini?

Tuanze na huo ugumu maana wengi wanausikia tu. Uwanja ule una urefu wa yadi 100, kama mita 91, na upana karibu mita 49. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Sasa chukua mpiga tarumbeta aliesimama mstari wa mbele kabisa na mpiga ngoma aliye nyuma kabisa upande wa pili, mlio wa ngoma unamfikia yule wa mbele ukiwa umechelewa sekunde 0.14. Utasema hiyo si kitu, lakini wimbo ukienda kwa mapigo 150 kwa dakika kila pigo lina sekunde 0.4 tu, kwahiyo hapo umeshachelewa theluthi ya pigo, na kutoka pembe hii mpaka pembe ile ya mbali ni zaidi ya nusu ya pigo. Kila mtu akifuata anachokisikia, wimbo unapasuka vipande. Ndio maana mpigaji anafundishwa asiyaamini masikio yake, amwangalie dramu meja, yule kiongozi anaeongoza bendi kwa mkono, aliepanda juu ya kijukwaa pale pembeni katikati, maana mkono unaonekana hapo hapo lakini mlio unasafiri. Njia nyingine ni wa mbele wasikilize ngoma zilizo nyuma yao na wapige pamoja na zile wanavyozisikia, basi sauti ya nyuma na ya mbele zinaondoka pamoja kwenda kwa watu jukwaani. Hii akili mimi inanishangaza kila nikiifikiria, wanamuziki mia mbili wanakubaliana kutopiga kwa pamoja ili msikilizaji asikie pamoja.

Halafu ongeza miguu. Hatua 8 kwa kila yadi 5, yani kama sentimita 57 kila hatua, huangalii chini, noti zote ziko kichwani, na kifua kisitikisike maana pumzi ikitikisika na noti inatikisika. Kwa hiyo bendi nyingi zinatembea kwa kuviringisha unyayo, kisigino kwanza halafu vidole, juu ya kiuno mtu ametulia kabisa.

Kazi kubwa, sawa, ila wakosoaji hapa wana haki yao na ni haki kubwa. Nje hakuna kuta. Mlio laini ukitoka pale uwanjani unaliwa na hewa kabla haujafika safu ya kumi, kwa hiyo anaepanga muziki anajikuta anaandika kwa sauti kubwa, halafu kubwa zaidi, na pale pa kunong'ona hapaandikiki. Filimbi na klarineti zinafunikwa na shaba, yani tarumbeta, tromboni na wenzao. Obo na basuni hazipo kabisa, honi ya Kifaransa ambayo mdomo wake unatazama nyuma inabadilishwa na melofoni inayotazama mbele. Halafu ikifika Novemba kwenye majimbo ya kaskazini kuna baridi, chombo cha shaba kikipoa kinashuka sauti, na havishuki vyote sawa, ndio pale unasikia ule ukakasi wa tarumbeta thelathini ambazo zimekaribiana lakini hazijakutana. Tena hata John Philip Sousa mwenyewe, mtunzi wa Marekani anaeitwa mfalme wa machi, yani nyimbo za gwaride, mtu ambae sousafoni, lile besi kubwa la shaba linalozunguka mwili wa mpigaji, imebeba jina lake, bendi yake binafsi aliyoianzisha 1892 ilikuwa ya kupiga muziki watu wamekaa kwenye viti, kutembea ilitembea mara chache mno katika miaka yake yote. Yule aliyeandika machi zinazopigwa mpaka leo alijua wapi zinasikika vizuri.

Nakubali yote hayo, lakini ule mlio una ladha yake ambayo huipati kwingine. Mwaka 1979 kundi la roki la Fleetwood Mac, watu waliokuwa na pesa za kukodi studio yoyote na mpigaji yeyote waliemtaka, waliichukua bendi ya chuo kikuu cha Southern California, USC, kwa ajili ya wimbo wao Tusk wakairekodi ndani ya uwanja wa besiboli wa Dodger Stadium ukiwa mtupu. Mpiga tarumbeta mmoja hodari wa studio hawezi kukupa kile. Watu mia wakipiga noti moja kila mmoja na kasoro yake ndogo, mlio unanenepa, unakuwa na upana ambao unaupokea kwa kifua kabla haujafika sikioni, na hiyo nayo ni rangi ya muziki.

Sasa nije kwenye lawama yangu mwenyewe ambayo nadhani ni nzito kuliko habari ya sauti kubwa. Jicho linalimeza sikio. Chukua chuo cha Ohio State, bendi ya shaba na ngoma tupu tangu 1934, hakuna filimbi wala saksafoni, na nidhamu yao huwezi kuigusa. Tangu 1936 wana ile ya kuandika neno Ohio kwa mwandiko wa mkono, watu wanatiririka kama wino mpaka neno linakamilika na mpiga sousafoni anatoka kwenda kuwa nukta ya herufi i, uwanja wenye watu zaidi ya laki moja unalipuka. Nzuri sana ile, inanisisimua mpaka leo. Halafu ikaja 2012 onyesho la gemu za video, 2013 la Michael Jackson lenye umbo la mtu anaeteleza kinyumenyume, dunia nzima ikaona. Lakini ukilisikiliza lile onyesho la gemu bila picha unapata vipande vifupi vifupi vya nyimbo vilivyoshonwa, kila kipande kinakatwa pale tu kilipotaka kuanza kukua, kwa sababu picha inabidi ibadilike. Muziki umekuwa saa ya kuhesabia hatua. Waliopanga wana vipaji vikubwa, nisieleweke vibaya, ila kipaji kimekwenda kwenye mchoro.

Na simu zimezidisha hilo. Televisheni wakati wa mapumziko inarudi studio kwa wachambuzi na matangazo, bendi huioni, kwahiyo sisi tulio mbali tunaijua kupitia klipu iliyopigwa kutoka viti vya juu kabisa, mahali ambapo mchoro unaonekana vizuri kuliko kote na mlio umefika umechoka umejaa mwangwi. Ndio sababu wengi wanaotoa hukumu kwamba siyo muziki hawajawahi kuusikia huo muziki, na wengi wanaoisifu wameipenda picha.

Ukitaka muziki nenda vyuo vya kihistoria vya Weusi, vile vilivyojengwa kwa ajili yao enzi za ubaguzi, kule Kusini. Florida A&M, Southern, Jackson State, Grambling, Tennessee State. Pale Florida A&M alifika William Foster mwaka 1946, kijana ambae akiwa mwanafunzi Kansas aliambiwa asifikirie kuwa kondakta maana kazi hiyo kwa mtu mweusi haipo, akaenda kujenga bendi ambayo mwaka 1989 Ufaransa yenyewe iliialika kupita Champs-Élysées kwenye sherehe za miaka 200 ya mapinduzi yao. Foster na wenzake walichukua ile bendi ya kijeshi wakaitia goti juu, wakaitia dansi, wakaitia nyimbo zinazopigwa redioni wiki ile ile. Ngoma hazihesabu hatua tu, zina mchapo, zinakaa nyuma kidogo ya pigo kama bendi ya fanki inavyotakiwa, na besi za sousafoni zinatembea zenyewe. Tena mpangaji wa muziki pale ana kazi ya kweli, anachukua wimbo wenye sauti moja na mashine nyuma yake anaugawa kwa tarumbeta, tromboni na baritoni, anaongeza akodi ambazo kwenye wimbo wenyewe hazikuwepo, na mara nyingi unatoka mnene kuliko ulivyoingia. Beyoncé alipojenga lile onyesho lake la tamasha la Coachella 2018 juu ya mtindo huu hakuwa anatafuta pambo, nyimbo zake zilisimama upya kabisa.

Na utamu wa kule mara nyingi hauko mapumziko wala hauko uwanjani, uko jukwaani kwenye viti vya watazamaji. Kabla ya mechi, katikati ya mechi, na hasa baada ya mechi kwenye ile wanayoiita robo ya tano, bendi mbili zimekaa pande mbili zinajibizana wimbo kwa wimbo na watu hawaondoki, kuna ambao mechi yenyewe hawakuiangalia. Pale miguu imetulia. Watu wamebanana bega kwa bega, ile sekunde 0.14 haipo tena, kila mmoja anamsikia jirani yake, pumzi yote inakwenda kwenye chombo. Pale ndipo utasikia balladi ya taratibu inapigwa chini kweli, inapanda kidogo kidogo mpaka mwisho inafunguka. Yote ambayo wakosoaji wanasema bendi hizi haziwezi, zinayafanya zikikaa. Lawama nyingi basi ni za uwanja, siyo za bendi.

Sisi huku hatuna sababu ya kulishangaa hili. Beni za Lamu, Mombasa, Tanga na Dar miaka ya mwanzo ya karne iliyopita zilikuwa hivyo hivyo, gwaride na shaba za jeshi la mkoloni zimegeuzwa ngoma ya kushindana, makundi kama Marini na Arinoti yakitambiana mtaa kwa mtaa. Watu walichukua chombo cha amri wakakifanya cha furaha na cha kutunishiana misuli, na hakuna aliyesubiri cheti cha jumba la muziki ndio acheze.

Kuna jambo siwezi kulipita kwa sababu mashabiki tunapenda kulipita. Novemba 2011 Robert Champion, dramu meja wa Florida A&M, miaka 26, alifariki Orlando baada ya kupigwa na wenzake wa bendi ndani ya basi, kwenye ile mila ya kumpitisha mtu kwenye kipigo ili aheshimike kundini. Bendi ikasimamishwa mpaka 2013. Na siyo vyuo vya Weusi peke yake, Ohio State mwaka 2014 ilimfukuza mkurugenzi wa bendi baada ya uchunguzi wa chuo kuhusu tabia za kudhalilishana kijinsia ndani ya kundi, ingawa yeye alipinga. Wako wanaosema haya hayahusiani na muziki, mimi nasema yanahusiana sana. Ule umoja wa sauti tunaousifia, watu mia mbili kama mwili mmoja, unajengwa na utii, na utii usiokuwa na mtu mzima anaeusimamia unageuka mikononi mwa vijana wa miaka 20. Hakuna kodi ya namna hiyo inayodaiwa na muziki mzuri. Tarumbeta halikai sawa zaidi kwa sababu mpigaji amepigwa.

Jambo jingine ambalo wanaopima kwa mizani ya okestra wanalisahau, wapigaji wengi wa hizi bendi hawasomei muziki. Ni wanafunzi wa uhandisi, uuguzi, biashara, wanapiga masaa mengi ya wiki juani halafu wanakwenda kufanya mtihani, na kule Kusini wengi chuo chenyewe wamekifikia kwa ufadhili wa bendi. Hiyo haifanyi noti mbovu iwe nzuri, lakini nchi ambayo mhandisi anaweza kusoma noti na kushika sehemu yake kati ya sauti kumi imepata kitu, na sidhani okestra za mjini zingejaza pengo hilo kama bendi hizi zisingekuwepo.

Februari 2023 bendi ya Tennessee State ilichukua Grammy ya albamu ya injili ya asili, The Urban Hymnal, machingi bendi ya kwanza ya chuo kushinda tuzo hiyo. Pande zote mbili zikajitangazia ushindi. Wapenzi wakasema ona sasa, wakosoaji wakasema lakini ile ni albamu, hakuna aliyepiga hatua hata moja. Mimi niliisikiliza bila picha, na zile shaba pale zinaimba kama kwaya iliyozoea kuimba nje, pumzi ndefu, hakuna anaejificha nyuma ya mwenzake, besi zimesimama wima. Pumzi ile haikufunzwa ndani ya studio. Anaesema bendi hizi hazina muziki aanzie hapo, halafu atafute rekodi za robo ya tano, siyo zile za kutoka viti vya juu bali za mtu aliesimama mita chache mbele ya tromboni.