Barakoa kwa mtoto wa miaka miwili: hesabu ya siku nzima

Tarehe 7 Machi 2022 wanafunzi wa shule za umma jijini New York waliruhusiwa kuvua barakoa za kujikinga na UVIKO-19 madarasani. Wadogo zao wa miaka 2 hadi 4, walio kwenye vituo vya kulelea watoto na chekechea, waliendelea kufunikwa pua na mdomo hadi katikati ya Juni. Meya Eric Adams alikusudia kuwaachia mapema Aprili, maambukizi yakapanda, akarudi nyuma. Mtu mzima akawa anaingia baa uso wazi, huku mtoto anayevaa nepi akidaiwa barakoa.

Wazazi waliolalamika waliitwa wapinga sayansi. Hawakutendewa haki. Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF walikwisha kusema kwamba mtoto wa miaka 5 kushuka chini asilazimishwe kuvaa barakoa. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kilianzia miaka 2. Virusi ni vilevile. Kilichotofautiana ni kipimo. Mpaka wa miaka 2 unatokana na hatari ya kukosa hewa kwa mtoto asiyeweza kujivua. WHO iliangalia pia kama mtoto anaweza kuitumia barakoa ipasavyo bila kusaidiwa kila dakika. Kituoni, hilo la pili ndilo linaloamua kila kitu.

Waliotaka barakoa walikuwa na sababu nzito. Watoto hao hawakuwa na chanjo hadi Juni 2022. Mgonjwa mmoja aliweza kufungisha chumba siku 10, na mama anayelipwa kwa saa akapoteza mshahara. Utafiti uliochapishwa Januari 2022 katika jarida la JAMA Network Open uliwafuatilia walezi 6,654 wa Marekani kwa mwaka mmoja: vituo vilivyowavisha barakoa watoto wa miaka 2 na zaidi tangu mwanzo vilikuwa na uwezekano mdogo wa kufungwa, kwa asilimia 13. Tuseme vituo 40 kati ya 100 vingefungwa. Kwa kiwango hicho vingefungwa kama 35. Kwa familia za vituo hivyo vitano, hilo si jambo dogo.

Lakini asilimia hiyo 13 ilibebeshwa mzigo usio wake. Ilipima kufungwa kwa vituo, haikuhesabu watoto walioambukizwa. Haukuwa utafiti wa majaribio: hakuna aliyechagua kwa bahati nasibu kituo kipi kivishe na kipi kisivishe. Mwaka 2020 vituo vilivyowavisha watoto wadogo hivyo vilikuwa chini ya kimoja kati ya kumi, na kituo chenye bidii hiyo huenda kilikuwa na bidii nyingine pia. Watafiti walijitahidi kuondoa athari za tahadhari nyingine, ila tahadhari zote haziondoleki. Na makadirio yenyewe yanaanzia asilimia 1 hadi 23.

Tuingie chumbani. Mtoto anafika saa 2 asubuhi, anachukuliwa saa 11 jioni: dakika 540. Kifungua kinywa 20, chakula cha mchana 40, usingizi 120, kitafunwa cha alasiri 20. Hapo barakoa lazima ivuliwe, na wakati wa kulala ni marufuku kabisa. Jumla dakika 200, zote ndani. Toa dakika 60 za kucheza nje, ambako hatari ni ndogo. Kati ya dakika 480 za ndani, mtoto anakaa uso wazi zaidi ya theluthi moja, tena mezani bega kwa bega au kwenye magodoro yaliyopangwa safu, wote wakivuta hewa ileile saa mbili mfululizo.

Mtetezi atasema nusu shari kuliko shari kamili. Sawa, basi tuzikague dakika 280 zilizobaki. Chumba kina watoto 12 na walezi wawili. Tuseme kila barakoa inateremka mara moja kila dakika 10: ni kurekebisha mara 336. Mlezi akinawa sekunde 20 kila anapogusa uso wenye kamasi, ni karibu saa mbili za kunawa tu. Hakuna anayeweza. Kwa hiyo mkono unatoka uso huu kwenda uso ule bila maji.

Kisha kuna udenda. Kitambaa kikilowa hewa haipiti vizuri, inatafuta njia pembeni, na daraja la pua la mtoto wa miaka miwili ni bapa mno kwa waya kushika. Barakoa tatu kwa mtoto kwa siku ni 36 kwa chumba, kila moja na jina lake, safi mfuko huu, chafu mfuko ule. Zikichanganyika, mtoto anavaa ute wa mwenzake. Kamba ya kuning'iniza barakoa shingoni nayo hunasa kwenye bembea na vifaa vya kupandia. Barakoa za N95, zile zinazobana uso na kuchuja chembe ndogo, zenye ithibati ya Marekani hazitengenezwi kwa watoto.

Kuhusu lugha, waliopinga walijidhuru kwa kutia chumvi. Mtoto huanza kutazama sana mdomo wa msemaji akiwa na miezi kama 8, hilo linajulikana. Kwamba barakoa ziliharibu kizazi kizima, hilo halijathibitika. Anayestahili kufikiriwa kwanza ni mtoto mwenye kifaa cha kusikia, ambaye mpira wa barakoa humvutia kifaa kitoke sikioni na midomo anayoisoma imefichwa.

Ugonjwa unapopanda, mkubwa ndiye avae, barakoa inayobana uso vizuri. Naye ana gharama yake: watoto hawaoni mdomo wake. Basi hadithi na nyimbo zihamie nje, avue huko.

Nguvu iliyobaki iende kwenye hewa. Chumba cha mita 6 kwa 5, dari mita 2.8, kina mita za ujazo 84. Ili hewa ibadilike mara 5 kwa saa kunahitajika mita za ujazo 420 za hewa safi kila saa. Soma kwenye boksi la mashine ya kichujio cha HEPA, kinachonasa chembe ndogo sana hewani, inatoa kiasi gani, na uangalie kama tarakimu ni ya kasi ya juu au ya kasi utakayoitumia kweli. Isijifiche nyuma ya kabati. Madirisha yafunguliwe ya pande mbili zinazotazamana hata sentimita chache. Kipimo cha kaboni dioksidi kiwekwe kimo cha mtoto, mbali na dirisha. Kikivuka 800 (sehemu kwa milioni, ppm), hewa ya nje haitoshi, ingawa mashine ya HEPA yenyewe haiishushi namba hiyo.

Kosa la kawaida hutokea saa 7 mchana. Taa zinazimwa, mapazia yanashushwa, madirisha yanafungwa, na mashine inapunguzwa kasi kwa sababu ya kelele, wakati watoto 12 wamelala uso wazi. Afadhali mashine mbili za kasi ya kati, zisizo na kelele, na magodoro yapangwe kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule.