Madalali watatu, mnunuzi mmoja

Mama alipoamua kuuza nyumba alitoa sharti moja tu, kwamba haendi na dalali wa kwanza atakayegonga mlango, lazima tulinganishe makampuni matatu tujue lipi ni lipi. Kaka mkubwa, ambaye kwake kila kitu lazima kiingie Excel hata zamu za kumpeleka Mama hospitali, akatengeneza jedwali siku hiyo hiyo: safu ya kamisheni, safu ya bei waliyokadiria, safu ya ukubwa wa kampuni, safu ya kasi ya kuuza, na mwisho kabisa, yenye alama nyingi kuliko zote, MNUNUZI YUPO? Akanikabidhi mimi kitinda mimba nikae na Mama kuwahoji na kujaza, yeye akasema kazi zimembana hawezi kufika nyumbani kabisa wiki hizo. Nikajua ni zile kawaida za wazaliwa wa kwanza, kupanga wanapanga wao, kubeba unabeba wewe.

Wa kwanza alitoka kampuni kubwa, ile yenye mabango kila kona, nembo hadi kwenye kalamu. Alikuja na kile kidude cha kupimia kwa mwanga, unakielekeza ukutani kinakuambia mita ngapi, basi akawa anakizungusha sebuleni kwa madaha mpaka kale kataa kekundu kakatua kwenye paji la uso la marehemu Baba pale kwenye picha. Mama akamwambia, "Huyo hauzwi." Jamaa akaomba radhi, akapiga hesabu kwenye tableti, akataja bei. Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamwambia rudia.

Mimi hapo nikaona Mama ameshachukuliwa. Maana watu wengi tunaamini dalali anayetaja bei ya juu ndo atakayeuza kwa bei ya juu, wakati ile bei hajaahidi mtu yeyote kuilipa, ni makadirio tu, na kutaja namba kubwa hakumgharimu kitu. Anakutajia kubwa ili usaini, ukishasaini amekufunga miezi kadhaa, halafu taratibu anaanza kukupigia simu za "soko limekuwa gumu, tupunguze kidogo". Nikamuuliza kwa adabu, kampuni yenu imeuza nyumba ngapi mwaka jana? Akasema mamia, kifua mbele. Nikamuuliza, wewe hapa uliyekuja umeuza ngapi? Akasema, "Sisi tunafanya kazi kama timu." Nikaandika: timu.

Akaongeza kwamba wao huuza kwa asilimia 98 ya bei iliyotangazwa. Nikamuuliza bei ipi, ile ya siku ya kwanza au ile iliyobaki baada ya kupunguzwa? Maana nyumba ikitangazwa kwa 100, ikakaa mpaka ikashushwa hadi 80, ikauzwa 79, ukilinganisha na hiyo 80 umeuza kwa karibu asilimia 99 na unapiga picha ya ushindi huku mwenye nyumba analia. Akasema inategemea. Halafu akamwinamia Mama, akashusha sauti, "Mama yangu, hizi namba tuachane nazo, mimi mnunuzi tayari ninaye. Familia changa, watoto wadogo wawili, pesa iko benki, wanatafuta nyumba kama hii hii. Wewe weka sahihi hapa tu, miezi sita, kampuni yetu peke yake, na mimi kesho namleta." Mama akamwambia, "Sahihi yangu haiendi kwa mtu nisiyemwona. Mlete nimwone, ndo tuongee habari za kalamu."

Wa pili alikuwa wa bei nafuu. Kamisheni yake ndogo kuliko wote, halafu haraka, haraka, haraka, yaani hata ngazi alipanda mbili mbili. Nikaomba anieleze hiyo kamisheni ndogo inabeba nini, ikatokea kwamba picha unalipa wewe, matangazo unalipa wewe tena mwanzoni, na ukighairi katikati kuna ada ya kughairi. Sawa, angalau alisema. Kuhusu kasi akasema wastani wao ni wiki chache mno. Nikauliza tangazo likikaa sana mkalitoa mkaliweka upya, siku zinaanza kuhesabiwa moja? Akacheka kile kicheko cha mtu aliyekutana na mtu wa kazini kwao.

Na hiyo kasi yenyewe, hivi nani alituambia ni sifa njema moja kwa moja? Piga hesabu mwenyewe. Kamisheni ni asilimia 3, nyumba ikiuzwa leo kwa 100 dalali anapata 3. Mkivumilia ikauzwa 105, wewe umeongeza karibu 5 nzima, yeye ameongeza 0.15, na hapo bado hajagawana na kampuni yake. Kwa nini ahangaike? Wachumi wawili wa Marekani, Steven Levitt na Chad Syverson, walichapisha utafiti mwaka 2008, walipekua mauzo karibu 100,000 ya nyumba upande wa Chicago, wakakuta madalali wanapouza nyumba zao wenyewe wanaziacha sokoni karibu siku 10 zaidi kuliko za wateja, na wanapata karibu asilimia 3.7 zaidi. Nikamsimulia huyu bwana yote hayo, nikamalizia kwa swali ambalo nilikuwa nimeliandaa usiku kucha: je, ingekuwa nyumba yako, ungeiuza haraka namna hii?

Akasema, "Mimi nimepanga."

Sikuwa na swali la nyongeza. Naye akatumia huo ukimya kumwambia Mama kwamba mnunuzi yupo, tena si wa kubahatisha, mwekezaji anaishi nje ya nchi, hana habari za mkopo, analipa taslimu. Mama akanikonyeza. Mpaka hapo tulikuwa na familia changa upande mmoja na mwekezaji upande mwingine, na Mama akawa tayari anawapiganisha kichwani.

Wa tatu alikuwa dada mmoja, ofisi yake ni yeye mwenyewe, hana nembo wala kidude cha mwanga, alikuja na karatasi za nyumba zinazofanana na yetu zilizouzwa karibu, zimeandikwa bei iliyolipwa kweli, siyo ile iliyotangazwa. Bei aliyokadiria ilikuwa ya chini kuliko wote na kamisheni yake ya juu kuliko wote, kwa hiyo ndani ya dakika chache alikuwa ameshamuudhi Mama mara mbili. Nikamuuliza ameuza ngapi yeye kama yeye, akazitaja moja moja, halafu bila kuulizwa akataja na zile zilizomshinda na kwa nini. Mkataba wake ulikuwa mfupi, na usiporidhika unatoka, ulipe tu picha zilizokwisha pigwa.

Nikafika safu ya mwisho. Mnunuzi yupo?

Akasema, "Kuna bwana mmoja alipita ofisini anatafuta nyumba kama hii, lakini simletei Mama huyo mtu kama mnunuzi." Kwa nini? "Aliingia tu akagonga ukuta wangu kwa kifundo cha kidole, ngo ngo, akasema kimsingi ukuta mzuri. Halafu badala ya kuuliza nyumba ina vyumba vingapi akaniuliza mimi kamisheni yangu ni ngapi, na mkataba ni wa muda gani. Mnunuzi gani anauliza kamisheni anayolipa muuzaji? Kila kitu kimsingi, kimsingi. Yule hanunui kitu, anachunguza."

Kalamu ikanisimama. Mama naye akaacha kujipepea. Tukatazamana, lakini hakuna aliyesema, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la kipuuzi mno kulitamka mbele ya mgeni.

Usiku nikamtumia Kaka jedwali limejazwa lote. Nilitegemea ataniambia ukweli wake. Wapi! Akanirudishia limepakwa rangi. Kampuni kubwa kijani, mnunuzi yupo, familia changa. Ya bei nafuu kijani, mnunuzi yupo, mwekezaji. Yule dada nyekundu, na pembeni kaandika: "Huyu mtoe, kimsingi hana mnunuzi makini." Akaongeza ujumbe wa sauti mrefu, ana furaha, kwamba soko lina moto, wanunuzi wawili tofauti kabla hata nyumba haijatangazwa, mwambie Mama apandishe bei. Yaani mtu amepita ofisi tatu kwa jina la uongo (silitaji kwa heshima ya ukoo), madalali wawili wamemvisha mke na watoto na paspoti, amerudi kwake kwenye jedwali lake mwenyewe na hajajitambua.

Siku ya kumleta mnunuzi Mama alisafisha nyumba kama anapokea posa. Sasa hawa madalali wana tabia ya kutokuambia anwani mapema, wanaogopa utawazunguka uende kwa mwenye nyumba moja kwa moja, kwa hiyo Kaka aliambiwa tu afike ofisini, akapakiwa kwenye gari lenye nembo, akajua anaenda kuona jinsi kampuni kubwa inavyoonesha nyumba, utafiti unaendelea. Alikuja kutusimulia baadaye kwamba alianza kutokwa jasho walipokata kona ya kwanza. Kona ya pili akasema tumbo linamsumbua, bora warudi. Dalali akamwambia, "Tumefika, mwenye nyumba ni mama mmoja mpole sana, utatumia choo hapo hapo."

Mimi nilikuwa dirishani. Namwona Kaka anashuka kwenye gari, miwani nyeusi, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, anatembea kwa mwendo ambao si wake, kama mtu aliyekodi miguu. Dalali anamwelekeza kwa mkono, karibu, hapa ndo maegesho. Kaka anatazama yale maegesho aliyojifunzia baiskeli na kutikisa kichwa kana kwamba anaona kitu kipya.

Mama akafungua mlango kabla hawajagonga. Akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Mwanangu, bora umekuja, ingia utusaidie kuhamisha hiki kiti, wanunuzi wako njiani."

Dalali akacheka, akajua ndo ukarimu wa wazee, kila mtu ni mwanangu. Akaendelea na kazi. "Bwana mkubwa, hapa ndo sebuleni, na ukipita kulia utakuta..." Na Kaka, sijui ni hofu au ni mazoea, akapita kushoto moja kwa moja, akawasha taa ya korido bila kutazama, ile swichi iliyojificha nyuma ya kabati ambayo hata fundi umeme huwa anaulizia. Dalali akabaki mdomo wazi. Akamtazama Kaka, akamtazama Baba kwenye picha ukutani, akamrudia Kaka. Sura ile ile, paji la uso lile lile alilolipiga kwa mwanga mwekundu.

Hapo hapo simu ya Kaka ikaita, na kwa vile mikono inamtetemeka akabonyeza spika. Ni yule wa haraka haraka. "Bosi wangu! Nimekupatia nyumba, yenyewe haswa, mwenye nyumba ni bibi ameshachoka, ukiwahi anashuka bei!"

Mama akamwomba Kaka ile simu. Maongezi yao sitayaandika, ila yalikuwa mafupi na yule bwana hakupata nafasi ya kuongea haraka.

Dalali wa kampuni kubwa akabaki na mkataba wake mkononi. Akajitahidi jamani, sitamnyima sifa, akasema, "Mama, hata hivyo si umeona, mnunuzi nilisema nitamleta na nimemleta." Mama akamuuliza wale watoto wadogo wawili wako wapi, wamebaki kwenye gari?

Tukampa kazi yule dada wa safu nyekundu. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama yule bwana wa kimsingi tunamfahamu, Mama akasema kidogo. Nyumba ilichukua muda wake, bei ikaja pale pale kwenye karatasi zake, juu kidogo, na kile Mama alichoambiwa siku ya kidude cha mwanga hakuna aliyewahi kukikaribia.

Shida imebaki kwa Kaka, maana namba yake ya simu aliyowaachia ilikuwa ya kweli. Bado wanamtumia matangazo. Juzi Shemeji kashika simu akakuta ujumbe, kaandikiwa mumewe kwa jina asilolijua: "Habari, tumepata nyumba nyingine inayoifaa familia yako changa, je unakuja kuiona na mama watoto?" Watoto wao wako chuo. Shemeji akauliza swali moja tu, familia changa ipi? Kaka kaeleza utafiti, kaeleza jedwali, kafungua Excel, na kadri anavyoeleza ndivyo inavyozidi kunuka uongo, mpaka ikabidi ampakie Shemeji garini amlete kwa Mama ashuhudie.

Mama akamwangalia Kaka, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Huyu bwana simfahamu vizuri, mkwe wangu. Aliletwa hapa na dalali."