Piga windows, bosi

Naomba kuuliza tu, hivi kuna ugonjwa wowote wa kompyuta ambao dawa yake sio kupiga windows, yaani kuifuta ile programu kuu ya mashine na kuiweka upya? Maana huku kwetu Mbagala sijausikia bado. Printa ikitafuna karatasi, piga windows. Kibodi ikimwagikiwa chai, piga windows. Nina uhakika ipo siku nitasema kodi ya fremu imepanda na mtu ataniangalia kwa huruma aniambie bosi, wewe ungepiga windows kwanza.

Sasa yangu imekuwa njano. Ni deskitopu ya mtumba, zile zinazoletwaga kutoka Dubai, sipiyu nyeusi na monita ya inchi 17 ile ya mraba mraba ya zamani, ndio inayonilisha mimi na wanangu hapa stesheneri. Nimefungua asubuhi, nimewasha, naona kioo kizima njano. Karatasi ya Word njano. Ile picha ya Windows ya bluu imekuwa rangi ya mchicha uliolala. Ukifungua picha ya mteja ya pasipoti saizi unamwona kabisa huyu ini limeshaondoka, wakati mwenyewe kakaa hapo kwenye benchi mzima wa afya anakula karanga.

Na ukiprinti inatoka safi! Nyeupe ni nyeupe, bluu ni bluu. Hiyo ndio inayoniuma, maana kazi inaenda ila kila mteja akichungulia kioo anaanza kudai punguzo. "Anko mashine yako mbovu, nipe kwa jero." Kaka wewe unanunua karatasi au unanunua kioo?

Wa kwanza kutoa tiba ni jirani yangu wa chipsi. Alikuja na mafuta mikononi, akaigonga monita kichwani mara mbili, akasema kioo kimeungua hicho, tupa. Karudi kwenye karai lake. Hajawahi kumiliki kompyuta hata ya kuchezea lakini hukumu imeshatoka.

Akaja dogo mmoja wa chuo, huyo nikasema sasa afadhali, msomi huyu. Akaniambia bro hiyo ni night light, ile ya kulinda macho usiku, inafanyaga kioo kiwe cha njano njano. Nikamwachia kiti. Kaingia kwenye seting, kakuta imezimwa. Akaiwasha. Njano ikaongezeka. Akaizima. Ikarudi njano ile ile ya mwanzo. Akakaa kimya kidogo kama anayetafakari hivi, halafu akaniomba nimprintie ripoti yake ya field kwa mkopo, boom likitoka atalipa.

Basi nikaita fundi. Fundi kaingia, begi mgongoni, hata hajakaa, kaangalia kioo kwa mbali akasema bosi hii windows yako ni 10, Windows 10 imeshaisha muda tangu 14 Oktoba 2025, hapo lazima tupige mpya. Nikamwambia fundi, hiyo tarehe naijua, wenye Windows yao waliacha tu kuipa sapoti, hawakusema tutaipaka rangi. Halafu angalia, nikazima nikawasha mbele yake, yale maandishi ya kampuni yanayotokeaga mwanzo kabisa kabla windows haijaamka, nayo njano! Windows bado imelala, inahusikaje? Unajua alinijibu nini? "Ndio inaanziaga huko huko bosi."

Inaanziaga huko huko. Nikamlipa nauli.

Huyu wa pili ndio alinimaliza. Huyu ana bisibisi za kila aina na tochi ya kichwani. Kafungua sipiyu, vumbi likatoka mle ndani tukapiga chafya wote na mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akaondoka nalo puani. Kachomoa rami, kile kijibao cha kumbukumbu ya mashine, katoa raba ya shule mfukoni, ile nyeupe ya mwanafunzi, anafuta zile dhahabu dhahabu za chini huku anapuliza. Mimi ninachojua rami ikiwa na shida mashine inalia piii piii na picha haiji kabisa, haikuletei picha ikakunyima rangi moja, lakini nani anamsikiliza mwenye mashine. Karudisha, kawasha. Piii. Piii. Piii. Kioo cheusi. Nilikuwa na njano, sasa sina kitu! Tukahangaika nayo mpaka rami ikakaa vizuri, picha ikarudi, njano, na nyie msinicheke lakini nilifurahi kuiona ile njano.

Hakuishia hapo. Akachomoa waya wa monita, ule wa VGA wenye kichwa cha bluu, kaumulika na tochi yake. "Bosi, ugonjwa nimeupata! Hapa kuna sindano moja haipo." Kweli, safu ya katikati kuna tundu halina sindano. Akataka elfu thelathini abadilishe na poti ya kwenye bodi kabisa. Nikainuka nikaenda kwa jirani wa michezo ya video nikaazima waya wake, mzima unafanya kazi kila siku, nao hiyo sindano hauna. Nyingi tu zinatoka kiwandani hivyo hivyo, ile namba 9 wanaiacha. Nikamwonyesha. Akaniambia basi na wa jirani yako mbovu. Na akadai buku tano ya usumbufu. Usumbufu wa nani?

Kwa nini sikuuchomeka huo wa jirani hapo hapo? Kwa sababu mwenyewe alikuwa nyuma yangu anaudai, vijana wamelipia gemu, wanapiga kelele kama nimeiba.

Sasa katikati ya vurugu hizo kazi zinaingia. Kaja kiongozi wa tawi la Simba la mtaa wa pili anataka bango. Nyekundu na nyeupe, hakuna kingine. Nimemtengenezea, kachungulia kioo, kanyamaza. Nyekundu iko vizuri kabisa, ila nyeupe yote njano. Akauliza taratibu, hii njano imetoka wapi. Namweleza kaka ni kioo, bluu haifiki, na nyeupe ikikosa bluu inakuwa njano. Hataki. Anazidi kuangalia kioo. Na ubaya wenyewe nyuma ya hilo bango, pale kwenye eneo-kazi kuna faili la mteja mwingine la Yanga, kijani na njano yake inang'aa vizuri haina hata doa, maana zile rangi mbili hazina bluu ndani yake kwa hiyo ugonjwa hauzigusi. Sasa mtu wa Simba akiona mashine inaharibu za kwake na za Yanga inazitunza, utamwambia nini? Alitoka anasema hii ofisi ina mambo yake.

Hajafika mbali akaingia mama mwenyekiti wa kamati ya harusi. Shikamoo mama, marahaba, kadi zangu ziko wapi. Kamati iliamua nevi bluu kwenye karatasi nyeupe, na majani majani ya kijani pembeni. Kufungua, nevi bluu imekuwa nyeusi tii, juu ya njano. "Baba, hii ni harusi au arobaini?" Nikaanza mama nisikilize, ni kioo tu, ngoja nikutolee moja uone. Wino wa rangi, kama mnavyojua wenye biashara hizi, unaisha siku unapouhitaji. Akaniambia hapana haina haja, akatoa simu akapiga picha kile kioo, akasema natuma kwenye grupu la kamati waone ulivyotufanyia, akaondoka na kanga yake inapepea.

Aliyekuja kuutegua huu mtihani ni mtoto wa darasa la nne. Katumwa kutoa kopi, na wakati namtafutia chenji akaanza kubonyeza vile vitufe vya chini ya monita. Wewe! Acha! Nimegeuka nimfinye, naona kwenye kioo imetokea ile menyu ya monita yenyewe, ya kuongeza mwanga, na ina ukanda wa bluu. Bluu kabisa! Mtoto ananiangalia, "Anko mbona haka kana bluu?"

Nikamrudishia chenji yake na pipi juu. Maana ile menyu haitoki kwenye sipiyu, monita inaichora yenyewe. Kama monita inaweza kuchora bluu basi kioo ni kizima, jirani wa chipsi na hukumu yake apite kushoto. Bluu inapotelea njiani. Na huu mtindo wa VGA ni wa IBM tangu mwaka 1987, wa kizamani lakini umenyooka, kichwa kina nafasi 15, nyekundu ina sindano yake, kijani yake, bluu yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Moja ikilala tu, rangi yake haifiki. Nikachomoa, nikamulika na simu. Ya tatu imelala chali.

Na unajua kwa nini ililala? Kwa sababu zile skrubu mbili za pembeni ya kichwa hakuna mtu nchi hii anayezifunga. Zimewekwa makusudi kichwa kisicheze, sisi tunachomeka tu, tunasema imeshika. Jumapili shemeji alikuja kuazima ekstensheni aangalie mpira, kavuta meza, waya ukachomoka nusu, kaurudisha kwa nguvu za kiume.

Na huyo huyo shemeji ndio akajitolea kuinyoosha. Akachukua kibanio cha nyusi cha mke wangu, anasema mimi nina mkono mwepesi, niachie. Kach! Sindano hiyo mkononi mwake. Ananionyesha kabisa, "imetoka." Naona shemeji, naona.

Daladala, Kariakoo, foleni, jua, waya mpya buku tano. Bei ile ile aliyochukua fundi wa raba kwa kunitimulia vumbi. Nimerudi nimechomeka, nimefunga skrubu zote mbili mpaka mwisho, nimewasha. Nyeupe! Word nyeupe! Mteja wa pasipoti ini limerudi! Nikafungua kadi ya harusi, nevi bluu hiyo imetulia, majani ya kijani pembeni, karatasi inameremeta. Wino nimenunua huko huko. Nikampigia mama mwenyekiti simu mwenyewe, kwa sauti ya mtu asiye na deni, mama njoo uone.

Kaja. Kavaa miwani, kaangalia kioo, kaangalia mimi, kaangalia kioo tena.

"Baba, ile ya njano umeipeleka wapi?"

Nikamwambia mama ile ilikuwa ugonjwa, imepona.

"Imepona vipi wakati kamati imeipitisha? Bwana harusi ni Yanga damu, kaiona kwenye grupu kaangusha na hela ya ukumbi. Njano, nyeusi na kijani. Vitambaa vya sare vimeshakatwa, watu wako kwa fundi cherehani saa hizi. Hebu irudishe ilivyokuwa."

Na shemeji, ambaye wala hakuitwa, akadakia kutoka mlangoni: "Hiyo bosi piga windows tu."