Mahindi Yako Mwenyewe, kwa Bei ya Februari

Jamani, mwezi wa saba Moshi hakuna maskini! Shamba la tambarare limevunwa, mahindi yamejaa mpaka uvunguni, na kila baba anatembea mikono nyuma kama diwani. Subiri Februari. Baba huyohuyo utamkuta sokoni Mbuyuni ananunua mahindi kwa kilo, na macho hayainuki.

Hesabu yenyewe si ya chuo kikuu. Watu sita wanaokula ugali kila siku wanamaliza debe la kilo 18 kwa siku kumi hivi. Mwaka mzima ni magunia sita na nusu hivi ya kilo 100, kabla hujahesabu makande, kuku na shemeji aliyekuja kusalimia. Halafu watoto wamekataa dona, wanataka sembe. Sawa. Koboa, pumba ziende kwa nguruwe, nguruwe anenepe, wewe kaza mkanda.

Sasa anakuja dalali na gunia lake. Gunia la kilo 100 linaingia debe tano na nusu. La kwake linameza saba na bado anakwambia, "Mangi, shindilia hapo pembeni!" Kisha anashonea kilemba cha nyavu juu, anajaza tena. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini shambani hakuna mzani, kuna ada ya shule tu. Unauza.

Yanayobaki ni ya dumuzi. Huyu mdudu ana milimita tatu au nne, asili yake Amerika ya Kati, na hapa nchini alianza kusumbua upande wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anasaga mahindi bila kulipia mashine. Akiyakuta bado yako kwenye gunzi ndiyo raha yake, maana punje zimeshikana na yeye anapata pa kukanyagia akitoboa. Kwa hiyo pukuchua mapema! Lakini mwambie mtu wa hapa apukuchue mapema, atakwambia anasubiri vijana watoke mjini.

Na kukausha je? Yanamwagwa chini kwenye udongo, mvua ya saa kumi inanyesha, yanazolewa yakiwa na joto, yanafungwa. Huo ni mwaliko rasmi wa sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na sumukuvu haiishi kwa kuchemsha. Tandika turubai, geuza mara kwa mara, halafu pima kwa chumvi: chupa kavu ya kioo, vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, mahindi theluthi ya chupa. Tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, rudisha juani. Wenzetu wanapima kwa kung'ata. Meno yenyewe mawili!

Mfuko wa kinga njaa upo, na hautaki dawa: mifuko miwili ya nailoni ndani, mmoja wa salfeti nje. Unajaza, unakamua hewa yote, unasokota mdomo wa mfuko wa ndani kabisa, unakunja, unafunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Wa pili hivyohivyo, na wa tatu. Wadudu wanamaliza hewa, wanakufa. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, panya asitoboe.

Ila nani atautunza? Mama anafungua kila jioni achote kibaba, hewa inaingia, dumuzi anapumua vizuri. Desemba ndugu wa Dar wanapanda mlimani kwa Krismasi, wakiondoka kila gari lina debe la "mahindi ya nyumbani". Mfuko unabaki wazi, maana hakuna cha kuufungia. Ule mpira? Mtoto wa pili ameshatengenezea manati.